Aliyeelewa Ameridhia

Mtu asiyejua hubahatisha, na anayebahatisha hukosa hapa akapata pale. Jambo hilo nimelishuhudia miaka kumi na mmoja ya kazi yangu ya uelezaji, kuanzia delta ya Tana nilikozaliwa hadi vilima hivi vya Taita, na halijawahi kunidanganya. Ndiyo maana nilipoona matokeo ya kikao cha kwanza cha kijiji cha Mghambonyi nilivua miwani, nikaifuta kwa ncha ya leso, nikaivaa tena. Watu watatu walikuwa wamejibu maswali ishirini kila mmoja, ya ndiyo au hapana. Wote watatu walipata sufuri.

Bwana Sifuna, afisa wa Mamlaka ya Vina, wachunguzi wa chini ya ardhi, aliyetumwa kunisimamia, alichungulia kibao changu cha majibu kupitia begani kwangu. Ni mtu wa tabasamu jepesi, na mimi mtu wa tabasamu jepesi humtazama mikono kwanza. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Wamefeli vizuri sana hawa," alisema, kisha akaenda kujimiminia chai.

Niliogopa, kwa sababu alikuwa ameona kile nilichokiona mimi.

Afadhali nieleze sheria kwanza, maana bila hiyo mambo yote haya yataonekana wazimu. Siku hizi mashine ya kuchungulia ardhi haitumiki mpaka wenye ardhi waielewe. Kijiji huchagua watu watatu, mwelezaji huwafundisha asubuhi moja, nao hujibu maswali. Mmoja wao akipata kumi na tano au zaidi, kijiji kimeelewa, kwa kuwa huyo anaweza kuwaelezea wenzake. Na kijiji kikishaelewa, kimekubali. Maneno hayo yako juu ya kila kibao kwa herufi nene: Aliyeelewa ameridhia. Mahali pa kukataa hapakuwekwa. Waheshimiwa waliotunga sheria waliamini kwamba mtu mwenye akili timamu akielewa jambo jema hawezi kulikataa. Kijiji kikishindwa vikao viwili, Mamlaka hufunga virago na kukaa mbali miaka mitano.

Mwisho wa kikao mwelezaji naye hujibu maswali yale yale, ndipo hutia sahihi. Utaratibu huo uliletwa na bwana mmoja aliyezunguka vijiji arobaini akifundisha kwamba sumaku huvuta damu. Kwa ajili yake kikatungwa Kifungu cha Kumi na Nne: mwelezaji akikutwa hajui anachofundisha, hupokonywa kibali cha kufundisha maisha yake yote, na masomo yake pamoja na picha zinazoyategemea hufutwa, na kijiji husika hakiguswi kwa miaka ishirini. Sisi waelezaji hukitania kifungu hicho tunapokutana. Mimi nilikuwa nikijibu maswali yangu ishirini huku nikikunja nyaya za vifaa.

*

Somo lilikuwa katika ukumbi wa ushirika wa wakulima wa mboga, katikati ya magunia ya kabeji. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hata lango halionekani. Kijiji kilimchagua Mzee Mwakisha, mfugaji wa nyuki. Mghoi, mama wa makamo anayepima kabeji papo hapo ushirikani. Na Nyanya Mkawasi, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyevaa kofia ya sufu iliyofunika masikio. Nyanya alikaa mbele kabisa. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Niliwaomba watazame viganja vyao. Niliwaambia kwamba hivi walivyokaa kuna kitu kinapita katikati ya kila kiganja, kimoja hivi kila sekunde, kinatoka juu, kinaingia kwenye ngozi na nyama, kinatokea upande wa pili na kuzama sakafuni, wala hawahisi. Kitu hicho kinaitwa muoni. Mzee Mwakisha aligeuza kiganja akatazama upande wa nyuma. Mwalimu hufurahi akiona hivyo, kwa sababu mtu anayegeuza kiganja ameshaanza kufikiri.

Nikaendelea. Kila tunachokishika kimejengwa kwa atomu, na atomu ina vipande ndani yake, na ukizidi kuvunja vipande unafika mahali ambapo, kwa jinsi wataalamu wajuavyo, hakuna tena cha kuvunja. Elektroni ni mojawapo ya vitu hivyo vya mwisho, ndiyo inayotembea kwenye waya na kuwasha taa. Muoni ni ndugu yake elektroni, wamefanana kila kitu, ila muoni ni nzito zaidi ya mara mia mbili. Tena haina umri mrefu. Huzaliwa kilomita kumi na tano juu yetu, chembe kutoka mbali angani zinapogonga hewa, na ukigawa sekunde moja mara milioni, maisha yake ni vipande viwili tu kati ya hivyo. Kisha inavunjika.

Hapo Nyanya Mkawasi alifungua mdomo. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliyemshika mwenzake na kosa. Halafu akaufunga mdomo, akauliza kama chai itakuwa na maziwa.

Nililijua swali alilolimeza, kwa sababu ni swali zuri na huwa nalitega makusudi: kama muoni haina vipande ndani, inavunjikaje? Wengi hulipita bila kuliona. Nikajibu swali ambalo halikuulizwa. Kusema kweli haivunjiki, nilisema, hugeuka. Palipokuwa na muoni panabaki elektroni moja na vijichembe viwili vyepesi mno ambavyo hatuvioni. Havikuwa ndani yake vikisubiri kutoka, kama vile mlio wa kengele haukuwa umefichwa ndani ya kengele. Nyanya alikuwa akitazama dirisha, lakini sikio moja alilitoa kwenye kofia.

Niliwaeleza pia maajabu ya saa. Muoni hukimbia karibu sawa na mwanga, lakini kwa umri ule mfupi ingefika mita mia sita tu na kufia mawinguni. Mbona basi inafika ukumbini? Kwa sababu kitu kinachokimbia namna hiyo saa yake huenda polepole kuliko zetu sisi tulioketi. Kwa saa yake haijazidisha umri hata kidogo. Kwa saa zetu imeishi mara nyingi zaidi.

Kisha nikafunua sanduku la ukungu. Ni sanduku la kioo lenye kimo cha sufuria, juu kuna kitambaa kilicholowa spiriti na chini kuna barafu kavu. Mvuke wa spiriti ukishuka kwenye ile baridi hukaa tayari kuwa matone, na chembe yoyote inayopita huacha nyuma yake mstari wa matone hayo. Nikawasha kurunzi ubavuni. Mistari ikaanza kuchora na kufutika. Mifupi minene ilitokana na hewa inayovuja kwenye mawe ya mlimani. Iliyojipindapinda ilikuwa elektroni. Na mara moja moja ukapita mrefu mwembamba, umenyooka kama kamba ya mwashi.

"Hiyo ndiyo muoni," nilisema. "Hakuna ajuaye nyingine itapita lini, hata mimi. Moja peke yake haisemi kitu. Zikiwa nyingi ndipo husema kweli."

Nikamalizia na kazi ya mashine yenyewe. Huwekwa kando ya kilima na kuhesabu muoni zinazopenya kwa miezi. Palipo na mwamba mtupu zinafika chache, palipo na uwazi zinafika nyingi, na polepole tumbo la kilima linajichora. Niliwaonyesha picha ya kilima cha mfano, chenye doa jeupe katikati, niliyopewa na Mamlaka pamoja na vifaa. Nyanya Mkawasi aliitazama picha hiyo kuliko alivyotazama sanduku.

Mamlaka inatafuta mapango ya kushindilia hewa mchana, jua linapokuwa kali, ili hewa hiyo izungushe mitambo ya umeme jioni. Si jambo la mzaha. Mombasa taa huzimika kila jioni, na mdogo wangu alijifungua kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa na mfagiaji. Nilikuja Mghambonyi nikiamini ninachokifanya.

*

Bwana Sifuna alirudi na chai yake, akaketi juu ya gunia. Alinikumbusha, kwa upole wa kuudhi, kwamba Karani anasubiri taarifa yangu. Karani ni programu ya makao makuu inayopitia kila kikao, na Karani hana haya. Mtu mmoja kukosa maswali yote ishirini kwa kubahatisha hutokea mara moja katika watu milioni na ushei. Watatu, kikao kimoja, kijiji kimoja, haitokei. Ili ukose kila swali ni lazima ujue jibu la kila swali. Wale watatu walikuwa wameelewa somo langu kuliko darasa lolote nililowahi kulifundisha, wakajitia hawajui, kwa kuwa sheria haikuwaachia njia nyingine ya kusema hapana.

Ila walisahau sentensi yangu moja, kwamba vitu vikiwa vingi ndipo husema kweli. Walidhani mjinga hukosa yote. Hilo ni kosa la watu wenye akili ambao hawajawahi kubahatisha.

Sheria ina jina la jambo hilo, ujinga wa kughushi, na dawa yake ni kuandika kwamba kijiji kimeelewa. Sifuna alitaka niliandike palepale. Nilimwambia pengine kosa ni langu, pengine nilifundisha kichwa chini miguu juu wakashika kinyume, na kwamba sheria inaniruhusu kuomba kikao cha pili kabla ya kuandika lolote. Nilitegemea abishane. Hakubishana. Alisema sawa mwalimu, kesho saa nne, akatoka nje akipiga mluzi.

Wepesi huo ulinikosesha raha. Mtu anayekubali upesi hivyo ama hajali ama ameshapata anachotaka.

*

Alasiri ukungu ulipoinuka nilikwenda kwa Nyanya Mkawasi, kibao nikiwa nimekiacha ukumbini. Nilipobisha hodi aliuliza nimekuja na nani. Nikasema peke yangu. Hata hivyo alichungulia nyuma yangu mpaka kwenye kona ya njia, ndipo akanikaribisha.

Chumba kilijaa redio. Zilikuwa redio kuukuu za kila namna, nyingine zimefunguliwa matumbo, na mezani palikuwa na chuma cha kulehemu kikifuka moshi. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya kuungua, ya zamani na mapya. Nilijiona mjinga. Kwa asubuhi nzima nilimweleza fundi wa redio kwamba elektroni ndiyo inayowasha taa.

Nilimwambia wazi kwamba wamekosa kupita kiasi, na kwamba kukosa yote kunasema kweli sawasawa na kupata yote. Nikamweleza kuhusu Karani. Nikamwambia kesho wasifikirie jibu kabisa, kila swali warushe sarafu moyoni, huku na huku, wapate nane, wapate kumi na moja, basi. Alisikiliza huku akilehemu waya. Alipomaliza alipuliza ule moshi.

"Kwa hivyo hata ujinga una mwalimu wake," alisema. "Na wewe utapata nini?"

Nilisema sijui. Ilikuwa kweli, na nilisikia jinsi ilivyosikika kama uongo.

Alinieleza anavyoliona jambo hilo, na hakuinua sauti. Mtu wa Mamlaka amekuja nyumbani kwake kumfundisha kudanganya. Kesho wakidanganya, mwenzangu mwenye tabasamu atasema wamefundishwa, na shahidi wa kwanza nitakuwa mimi. Afungwe nani? Mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningewaza vivyo hivyo. Niliona uchungu, lakini sikuweza kumlaumu.

Ndipo akachukua chaki na kuchora juu ya meza mstari mmoja, bega pana upande wa kushoto na juu yake jino la jiwe. Ilikuwa picha yangu ya kilima cha mfano. Akaniambia nitoke nje nitazame.

Nyuma ya nyumba kilima cha Mghambonyi kilikuwa kimefunguka chote. Kilikuwa na jino juu. Bega pia lilikuwepo, ila lilikuwa upande wa kulia.

"Ukiwa huku liko kulia," Nyanya alisema mlangoni. "Liko kushoto kwa aliyesimama wapi?"

Kwa aliyesimama upande wa pili, kwenye shamba la mkonge. Nilielewa. Muoni zinazopita katika kilima chao haziishii kwao, hutokea kwa jirani, na kwa jirani mtu anaweza kuweka mashine bila kumuuliza yeyote. Kilima cha mfano kilikuwa kilima chenyewe. Kilikuwa kimekwisha kuhesabiwa kwa miezi, kwa wizi, na nilikuwa nimewaonyesha wenyewe picha ya ndani ya nyumba yao nikiita mfano. Kisheria picha hiyo haisomwi popote bila hati ya uelewa. Kilichobaki ni sahihi yangu tu, iigeuze iwe halali.

Nilimuuliza lile doa jeupe ni nini. Akasema kwamba zamani, mtu akishakaa kaburini muda wake, kichwa chake kilitolewa kwa heshima na kupelekwa pangoni kukaa na waliotangulia. Siku hizi watu wanazikwa kanisani, lakini wale wa zamani bado wapo, wamepangwa kwa safu, baba karibu na mwana. Waliwahi kuja watu wenye vipimo, wakawachukua wengine wakawatia kwenye masanduku ya kioo. Tangu hapo anayeijua njia ni mmoja tu kwa kila kizazi, naye humwonyesha mmoja. Yeye alionyeshwa na mama mkwe wake.

"Sanduku la kioo, kama lako," aliongeza, akafunga mlango taratibu.

*

Kesho yake saa nne ukungu ulikuwa umerudi. Nilifundisha upya, sanduku mezani, kurunzi ikiwaka ubavuni, na mistari ikichora na kufutika. Sikuonyesha ile picha. Sifuna aliona sikuionyesha, akaandika kitu katika daftari lake.

Mzee Mwakisha alijibu wa kwanza, macho yakiwa darini. Alipata kumi na moja. Mghoi alijibu haraka kama anayeng'oa magugu, akapata nane. Nilishusha pumzi. Kumbe Nyanya aliwafikishia maneno yangu, nikawaza, na ameniamini.

Halafu Nyanya Mkawasi akavua kofia ya sufu, akaiweka magotini, akakivuta kibao karibu. Alijibu polepole, akisoma kila swali mpaka mwisho. Kama muoni ni nzito kuliko elektroni. Kama muoni ina vipande ndani yake. Kama penye uwazi zitapita chache. Alipomaliza alikisukuma kibao katikati ya meza ili tuone sote, na pale juu palikuwa na ishirini.

Mghoi alishika kinywa. Nyanya alisimama.

"Miaka arobaini nimeambiwa mwanamke hajui redio," alisema. "Jana nilijifanya sijui, kwa ajili ya wale wazee. Sikulala vizuri. Leo siwezi tena, na mtego wa mtu sitauingia. Nimeelewa yote. Na nimekataa. Andika yote mawili, mwalimu."

Bwana Sifuna alimjibu kwa adabu kwamba pa kuandikia la pili hapapo. Akamshukuru kwa niaba ya Mamlaka. Akanigeukia, akasema nijibu yangu nitie sahihi, gari linasubiri, na kwa mara ya kwanza mikono yake haikutulia, ilikuwa inakusanya karatasi.

Nilikivuta kibao. Nilimwonea wivu Nyanya, nasema kweli. Alikuwa amesema jambo zima kwa maneno mawili na kubaki amesimama. Mimi nilikuwa na kibali, jina, na mdogo wangu aliyejifungua kwa tochi. Umeme ule si wa uongo; wapo watakaoukosa jioni hii kwa sababu yangu, na sitawajua majina. Lakini kuelewa siyo kukubali. Nimeitwa mwelezaji miaka kumi na mmoja, nikatia sahihi mia moja na kitu, na sikuwahi kujiuliza ni wangapi kati yao walielewa wakakataa, wakakosa pa kuliandika neno hilo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Ningeweza kukosa yote ishirini. Karani angenishika kama ambavyo angewashika wao. Ningeweza kukosa kwa kuchagua, kumi hivi, lakini mtu anayechagua huwa na mpangilio asioujua mwenyewe, na Karani huujua. Nilihitaji ujinga halisi, na kichwani mwangu haukuwemo.

Ulikuwepo mezani. Nililivuta sanduku la ukungu kidogo, kama mtu anayetaka kulisogeza lisimzuie, nikasoma swali la kwanza. Nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Ukipita mstari mrefu ulionyooka kabla ya tatu, ni ndiyo. Usipopita, ni hapana. Ukapita. Nikagusa ndiyo. Swali la pili haukupita. Hapana. La tatu ilipita mifupi minene miwili tu, ya mawe, hiyo haihesabiki. Hapana. Muoni zilizozaliwa kilomita kumi na tano juu ya ukungu wa Taita, zilizopenya paa la ushirika bila kumjua Sifuna wala mimi, zilinijibia maswali yangu yote. Swali la nne liliuliza kama muoni ni nzito kuliko elektroni. Nilisubiri, nikahesabu, sanduku likabaki jeupe. Nikagusa hapana, ingawa hilo hata mtoto analijua.

Nilipoinua macho Nyanya Mkawasi alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa akilitazama sanduku, midomo yake ikihesabu pamoja nami.

Tisa kati ya ishirini. Kibao kikaandika kwa herufi nene zile zile kwamba mwelezaji Dhahabu Jilo hana uelewa wa msingi wa muoni, kwamba Kifungu cha Kumi na Nne kimeanza kufanya kazi, na kwamba masomo na picha zote za Mghambonyi zimefutwa.

Sifuna alikisoma mara mbili. Tabasamu lilimtoka. Alisema nimefanya makusudi, na mimi nikamwambia athibitishe. Alikichukua kibao akapitia majibu yangu moja moja, akitafuta mpangilio, juu chini, chini juu. Kwa ishirini angepata mlima. Kwa sufuri angenipata mimi. Kwa tisa hakuwa na pa kushika. Alikiweka chini, akatoka, na tukasikia mlango wa gari ukifungwa.

Mzee Mwakisha alikuwa ananitazama kwa huruma ya kweli, maskini, ya mtu anayedhani mwalimu ameumbuka. Nilianza kukunja nyaya kwa mazoea tu, nikakumbuka kwamba si zangu tena, nikaziacha. Sikujua nitamwambia nini mdogo wangu, wala nitafanya kazi gani, na machozi yalikuwa karibu.

Nyanya Mkawasi alivuta kiti akakiweka mbele ya sanduku. Akanishika bega, akanikalisha pale walipokaa wao.

"Usione haya, mwanangu, somo hili ni gumu," alisema, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Tuanze mwanzo. Kunjua kiganja."

Nikakikunjua.